Mkono wa Mshonaji Hujulikana

Mwezi wa Juni ukiingia, baridi ya Lubumbashi haina mchezo. Mji wetu umejengwa juu ya nchi ya mwinuko, yapata mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa kipupwe upepo hupenya chini ya mlango hata watoto wakalala wamejikunyata kama paka. Kwa hiyo katika nyumba za Makomeno blanketi si pambo la kitanda. Ni kitu cha lazima, kama chungu na maji.

Jioni moja ya majira hayo tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja wa Makomeno, mshonaji wa mablanketi ya viraka. Jina lake hatulitaji, kwa maana si mtu wa kupenda kutangazwa. Tulipokwisha kusalimiana na kuulizana habari za watoto, akatandika mkeka sebuleni, kisha akaleta fungu la nguo na kulifungua mbele yetu. Zilikuwa suruali mbili na makoti matatu ya kazi, ya buluu, yaliyopauka mabegani na magotini. Na pamoja nayo, vipande vya vikwembe vyake mwenyewe. Mumewe alifanya kazi miaka mingi penye tanuru za shaba, na sasa ni mwaka wa pili tangu azikwe.

Kando ya nguo hizo aliweka simu ya binti yake, nayo ilionyesha picha ya blanketi zuri sana la nyota nane, lililoshonwa katika nchi ya mbali.

“Mwalimu,” akatuambia, “mimi nimeshona tangu usichana. Kila nilichokishona nimekitazamia kwa mwenzangu au kwenye picha, na watu husifu. Lakini nguo hizi nikizikata leo, sitazipata tena. Nifuate picha hii? Au nifanye ya kwangu? Na ya kwangu ni ipi? Mimi sina mtindo wangu.”

Ndugu wasomaji, swali hilo lilitushinda jioni ile. Tulimwomba siku chache za kufikiri. Haya tunayoandika hapa ndiyo tuliyomrudishia, tena tumeyapanua kidogo, kwa kuwa twajua wako mama wengi, na vijana wa cherehani pia, wanaojiuliza neno lilo hilo.

MTINDO NI NINI?

Kwanza tufahamiane juu ya kazi yenyewe. Blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu ni uso, yaani vile viraka vilivyoungwa. Katikati ni pamba au blanketi kuukuu la kutia joto. Chini ni kitambaa cha mgongo. Mshono mdogo mdogo hupita katika tabaka zote tatu na kuzishika zisitembee. Kazi hii ina sheria zake, wala haijali kama mshonaji ni msanii au si msanii. Mshono ukiwa dhaifu, blanketi litafumuka.

Lakini juu ya sheria hizo kuna mambo mengi ambayo hakuna anayemwamuru mshonaji. Kipande chekundu kikae wapi? Viraka viwe vipana au vyembamba? Mstari uende wima au uvunjike? Mtu anayeamua mambo hayo mara mia, kwa moyo wake, mwishowe huacha alama yake. Alama hiyo ndiyo mtindo.

Sisi walimu tunao mfano wake kila mwaka. Watoto wa darasa la kwanza wote hunakili herufi zile zile kutoka ubao ule ule. Mwaka ukiisha, twaweza kuokota daftari sakafuni na kusema, “Hili ni la fulani,” kabla ya kusoma jina. Nani aliyewafundisha kuandika kila mmoja kwa namna yake? Hakuna. Mkono umejifundisha wenyewe kwa kuandika. Lakini mtoto anayeweka karatasi nyembamba juu ya maandiko ya mwenzake na kufuatisha mistari, huyo hapati mkono wake kamwe, hata akifuatisha miaka kumi.

MAFUNZO YA HAPA KWETU LUBUMBASHI

Hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi. Katika mwaka 1946, mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa chuo cha uchoraji kilichojulikana kwa jina la Hangar, yaani banda. Wanafunzi wake hawakupewa picha za Ulaya ili wazinakili. Aliwaacha watazame nchi yao, samaki wa mito yao, ndege, wanyama na majani, na kila mmoja atafute njia ya kuvitia katika rangi.

Matokeo yake yalikuwa nini? Tuwataje watatu tu. Bela, mtu wa kabila la Wasara kutoka upande wa Chad, aliyekuwa mtumishi wa Romain-Desfossés, alichora kwa ncha za vidole vyake bila brashi, na picha zake zimejaa alama za vidole kama mvua ya matone. Pilipili Mulongoy alijaza nafasi nyuma ya samaki na ndege zake kwa vitone na vistari vidogo vidogo, hata usione pahali patupu. Mwenze Kibwanga alijenga kila kitu, mtu na mnyama, kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, nawe ukiitazama utadhani ni kazi ya kufuma.

Fikirini, ndugu: banda ni moja, mwalimu ni mmoja, na nchi wanayoitazama ni moja. Hata hivyo mtu aliyeona picha tatu za kila mmoja hawezi tena kuwachanganya. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na baadhi ya wanafunzi wake wakawa walimu katika Chuo cha Sanaa cha mji huu. Mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na watu wa mataifa walisimama mbele ya vile vitone na vile vistari.

Tena tuangalie neno hili: Bela hakuanza kwa kusema, “Nitafanya jambo la ajabu ili nijulikane.” Alichukua kilicho karibu naye kabisa, yaani vidole vyake.

Na wale wenye asili ya Kasai wanaokaa kati yetu wanalo fungu lao la kujivunia. Kwa Wakuba, wanaume hufuma kitambaa cha rafia, na wanawake hukidarizi mpaka kinakuwa laini kama mahameli. Mdarizi hachori kwanza juu ya kitambaa. Umbo limo kichwani mwake. Maumbo mengi yana majina, yamerithiwa kwa bibi na mama, lakini mdarizi hubadili njiani: mstari unavunjika, pembe inageuka, umbo moja linaingia katika jingine. Tena katika zile sketi ndefu za Wakuba huonekana viraka vidogo vilivyoshonwa juu ya matundu. Kiraka kilichokuwa cha kuziba tundu kikatafutiwa wenzake wa kukaa nacho, mpaka kikawa pambo. Mama wa Makomeno anayeficha kiraka chake kwa aibu na alikumbuke hilo.

Mwanahistoria Jan Vansina amesimulia kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, wakitumaini atashangaa. Mfalme hakuijali sana. Kilichomvutia ni alama ambayo tairi iliacha katika mchanga. Akaagiza umbo lile linakiliwe, likapewa jina lake. Hayo ndiyo macho ya mwenye mtindo. Wengine walitazama mashine. Yeye aliona umbo.

AKINA MAMA WA GEE’S BEND

Sasa twende ng’ambo ya bahari, kwa maana huko kuna habari inayofanana sana na ya mama yetu. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mto hujipinda na kufanya kama kisiwa. Mahali hapo huitwa Gee’s Bend. Wakaaji wake ni watu weusi, wazao wa watumwa waliolima pamba huko, na wengi wao wana jina la Pettway, ambalo ni jina la bwana wa shamba lile. Walikuwa maskini sana, na nyumba zao ziliingiza upepo. Akina mama walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, magunia na mabaki yoyote.

Mwaka 1942 mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata vipande vya pembe nne na mikanda mirefu, akashona blanketi ili amkumbuke na kujifunika kwa upendo wake. Blanketi hilo lipo hata leo. Hakuna nyota ndani yake wala ua. Kuna buluu iliyopauka na madoa ya kazi, nayo yanatosha.

Akina mama hao walikuwa na maumbo wanayoshirikiana. Mojawapo huitwa paa la nyumba: miraba inayozungukana, mmoja ndani ya mwingine. Kila mmoja alilishona, na kila la mmoja lilikuwa mbali na la jirani yake. Na yale mablanketi ambayo mtu aliyashona bila kufuata umbo lolote waliyapa jina jepesi: njia yangu.

Lakini mama wa Makomeno atatuambia: “Sawa, mwalimu, lakini mnunuzi anataka anachokijua. Njia yangu itanilipia ada ya shule?” Neno hilo ni la haki, wala hatulidharau. Tena Gee’s Bend nao walikutana nalo. Mwaka 1966 ulianzishwa katika sehemu zile ushirika wa kushona ulioitwa Freedom Quilting Bee, na mablanketi yakauzwa mpaka katika maduka makubwa ya New York. Maduka yalitaka kila kipande kiwe sawasawa na mwenzake. Mwaka 1972 ushirika ulipata kazi ya kushona foronya za kodrai kwa ajili ya kampuni ya maduka ya Sears, zote za namna moja. Kazi hiyo iliwapatia akina mama mshahara, na mshahara ni kitu chema. Ila mabaki ya kodrai walikwenda nayo nyumbani. Jioni, kwa kodrai ile ile, kila mmoja alishona njia yake. Yakatoka mablanketi ya rangi nzito, yenye mikanda mipana, ambayo leo husifiwa kuwa kati ya mazuri yao.

Mwaka 2002 mablanketi ya Gee’s Bend yalitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York. Na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikatoa stempu za barua zenye picha zake. Foronya za duka hazikutundikwa. Hatusemi hivyo ili kuwacheka walioshona foronya, kwa sababu ndio wao hao. Twasema tu kwamba mchana wa kazi ya mteja hauzuii jioni ya kazi yako. Shona ya mteja kwa uaminifu, ulipwe. Lakini usimpe mteja mabaki yote.

NJIA YA KUUTAFUTA MKONO WAKO

Baada ya kutafakari habari hizo, tulimwandikia mama yetu mashauri matano. Tunayaweka hapa kwa faida ya wote.

La kwanza: jua kazi kwanza. Mtu asiyeweza kushona mshono ulionyooka hawezi kusema kwamba mshono wake uliopinda ni mtindo. Fua vitambaa vyote kabla ya kuvikata, ili vile vya kunywea vinywee mapema. Kile chenye rangi nzito kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kifue tena na tena, au kiache. Upana wa pindo la mshono uwe mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Na nguo ngumu ya kazi usiiunge na kitambaa chepesi bila kukitia bitana, la sivyo ngumu itakipasua chepesi.

La pili: tazama kitambaa kabla ya kutazama picha. Tandika vyote chini. Simama mlangoni, fumba macho nusu, uangalie ni kipi kinachokuita. Hamisha vipande. Viache usiku kucha, uvitazame tena asubuhi. Mkasi ndio wa mwisho kuingia, kwa maana mkasi hauna toba.

La tatu: jaribu kidogo kidogo, na ubadili neno moja tu kila mara. Shona kipande cha ukubwa wa kitambaa cha meza kwa mabaki yasiyo na thamani. Katika cha pili shika umbo lile lile, ubadili upana wa mikanda peke yake. Katika cha tatu rudisha upana, ubadili rangi. Ukibadili yote kwa mara moja hutajua ni lipi lililokupendeza.

La nne: vikusanye vitatu au vinne ulivyovimaliza, uvitundike pamoja, ujiulize, “Ni neno gani linalorudi bila mimi kulikusudia?” Labda kila mara umeweka cheusi pembeni. Labda katikati huwa pametulia na fujo iko kingoni. Hilo linalorudi ndilo lako. Usilione kuwa kosa mpaka umelitazama vema. Huenda mtu mwingine amekuwa akiliita kosa miaka yote.

La tano: jina lako na mwaka vidarizi mgongoni mwa blanketi. Si kwa majivuno. Anayetia jina huchagua kwa uangalifu, kwa maana anajua atajibu.

Tena tuongeze onyo. Kutafuta njia yako si kuwadharau waliokutangulia. Huko India, katika misitu ya jimbo la Karnataka, wapo Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko zamani, wengine kutoka upande wetu huu wa mashariki ya Afrika. Wanawake wao hushona blanketi liitwalo kawandi. Huanza kingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kiraka baada ya kiraka, na katika pembe huweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maana yake maua. Bila phula, wanasema, kawandi liko uchi. Sheria hiyo yawashika wote. Na ndani ya sheria hiyo hakuna makawandi mawili yanayofanana. Kwa hiyo desturi haimnyimi mtu mkono wake, mradi desturi yenyewe isigeuzwe kuwa karatasi ya kufuatisha.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu sisi wenyewe. Miaka iliyopita, katika shule moja, tulisimamia maonyesho ya kazi za mikono ya wasichana. Mmoja alileta kitambaa kilichofanana na cha mfano kabisa, tukampa zawadi. Mwenzake, mwenye mshono imara vilevile, alikuwa amegeuza mpangilio wa rangi. Tulimwambia mbele ya darasa kwamba hakusikia agizo. Hatukumwona tena na sindano mwaka ule wote. Leo twafahamu kwamba siku ile tulipima utii wa jicho, tukadhani tumepima ustadi. Walimu wenzetu, tujihadhari.

BLANKETI LA MAKOMENO

Mwezi wa Agosti tulipita tena kwa mama yetu. Picha ya nyota hakuwa ameifuata. Alituambia kwamba alipoanza kufumua mifuko ya makoti ili apate kitambaa, aliona chini ya kila mfuko pana mraba wa buluu nzito, mpya kama siku koti liliponunuliwa, kwa kuwa jua na sabuni havikufika pale. Akaketi na kuutazama muda mrefu. Katika nyota nane, akasema, mraba ule usingekuwa na mahali. Ungekatwa vipembe na kupotea.

Basi ameiacha miraba ile mizima, sita kwa jumla. Ameizungushia buluu iliyopauka kwa mikanda mipana, na kati ya mikanda amepitisha vijistari vyembamba vya vikwembe vyake, vyekundu na vya manjano, vilivyokatika hapa na pale. Tulimkumbusha kwamba hata katika mablanketi yake ya zamani, yale aliyoyanakili, vijistari vyekundu vya namna hiyo vilikuwako pembeni. Alikwenda kulitazama moja lililokuwa kitandani pa mtoto, akarudi akicheka. “Kumbe,” akasema, “nilikuwa navificha.”

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mkanda mmoja ulipinda, kwa sababu magoti ya suruali yalikuwa yamelegea kwa kupiga magoti kazini, naye hakuyatia bitana. Tulimwuliza kama ataufumua. Akafikiri, kisha akasema hapana; ataushona mara ya pili kwa nyuma ili usipasuke, lakini upindaji wenyewe ataubakiza, kwa kuwa ni wa mumewe, si wake.

Wanawe waligombana kidogo juu ya nani atalirithi. Mama amewajibu kwamba yeye bado yu hai na baridi bado iko, kwa hiyo atalilalia mwenyewe. Pembeni mgongoni amedarizi jina lake na la marehemu, pamoja na mwaka. Na juu ya meza tuliona mabaki ya kitambaa cha mteja, yamefungwa vizuri kwa uzi, yanangoja jioni.